Mpwa wangu anataka nihamie Linux: je, siri za wateja wangu zitakuwa salama zaidi?

Msomaji mmoja mwenye steshenari maeneo ya Majengo, hapa Dodoma, ameniandikia hivi: "Kaka, nina kompyuta tatu dukani, zote za mtumba, HP EliteBook, na fundi alizipiga Windows 10. Kazi zetu ni maombi ya mikopo ya HESLB, Ajira Portal, uhakiki wa vyeti vya RITA, CV, kuchapa na kutoa kopi. Mpwa wangu anayesoma UDOM anasema Windows inatupeleleza, tena siku hizi haipati masasisho, kwa hiyo nihamie Linux ambayo haina virusi. Ni kweli? Na siri za wateja wangu zitakuwa salama zaidi?"

Dada yangu, mpwa wako amesema mambo matatu kwa pumzi moja, na hayana uzito sawa. La masasisho ni kweli tupu. La kupelelezwa lina ukweli ndani yake, ila kwa duka lako halina ukubwa anaoudhani. La kutokuwa na virusi si kweli kama alivyolisema. Na kabla ya yote hayo kuna swali ambalo hajakuuliza: unamficha nani, na asione nini? Bila jibu la hilo, kuchagua mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha kompyuta kama Windows au Linux, ni kubahatisha.

Dukani kwako naona watu wa aina tatu wa kuwafikiria. Wa kwanza ni kampuni iliyotengeneza mfumo. Wa pili ni mhalifu, awe wa mtandaoni au wa kuvunja fremu usiku. Wa tatu ni mteja anayekaa kwenye kiti mara tu mwenzake anapoinuka. Huyu wa tatu ndiye anayenitia wasiwasi kuliko wote, na katika ujumbe wako hakutajwa.

Nianze na kampuni, kwa kuwa ndiko mpwa wako alikoanzia. Windows 10 ilipotoka mwaka 2015 ilikuja na tabia ya kuipelekea Microsoft taarifa za namna kompyuta inavyotumika: kifaa ni cha aina gani, programu zipi zinafunguliwa, zinakwama wapi. Haya si maneno ya vijiweni. Julai 2016 mamlaka ya Ufaransa ya ulinzi wa taarifa binafsi, CNIL, iliipa Microsoft onyo rasmi kwamba inakusanya kupita kiasi, na shauri hilo lilifungwa Juni 2017 baada ya kampuni kupunguza karibu nusu ya ilichokuwa ikikichukua katika kiwango cha chini kabisa. Oktoba mwaka huohuo mamlaka ya Uholanzi nayo ikasema Windows 10 inavunja sheria ya nchi yao, kwa kuwa haiwaelezi watu waziwazi inachochukua. Leo sehemu kubwa ya utumaji huo unaweza kuizima kwenye mipangilio, lakini ile inayoitwa ya lazima haizimiki kwenye Windows Home wala Pro.

Mei 2024 Microsoft ilitangaza kitu kinaitwa Recall, kinachopiga picha ya skrini kila baada ya muda mfupi ili mwenye kompyuta aweze kutafuta alichokiona siku zilizopita. Wataalamu wa usalama walipiga kelele, kikaondolewa, kikarudi Aprili 2025 kikiwa kimezimwa mpaka mwenyewe akiwashe. Hakihusu mashine zako, kwani kinahitaji kompyuta mpya zenye chipu maalumu. Nakitaja kwa sababu hapo ndipo hoja ya mpwa wako ina nguvu: kwenye mfumo wa kampuni, kampuni ndiyo inayoamua kipi kiwe cha kawaida, nawe unakikuta kimeshaamuliwa. Linux Mint, mojawapo ya matoleo ya Linux, haikudai akaunti siku ya kuiwasha na haina mtu inayempelekea taarifa za matumizi yako. Msimbo wake, yaani maandishi yanayounda programu yenyewe, uko wazi, kwa hiyo madai hayo anaweza kuyachunguza yeyote mwenye ujuzi, pamoja na mpwa wako mwenyewe.

Lakini tulipime kwa kazi zako. Binti wa Bahi anayejaza fomu ya HESLB dukani kwako hadhuriki sana na Microsoft kujua kwamba kuna kompyuta Dodoma inayofungua Word kila asubuhi. Anadhurika namba yake ya NIDA, cheti chake cha kuzaliwa na akaunti yake ya benki vikiangukia mikononi mwa tapeli. Tena ukihamia Linux, kisha ukafungua Chrome na kuingia kwa Gmail ya duka, Google inaendelea kuona ilichokuwa ikikiona jana. Faragha ya aina hii inategemea kivinjari na akaunti sawasawa na inavyotegemea mfumo endeshi, na vijana wengi wanaohubiri Linux huliruka hilo.

Sasa masasisho, na hapa sina la kupunguza. Msaada wa Windows 10 uliisha tarehe 14 Oktoba 2025. Tundu lolote linalogunduliwa baada ya hapo linabaki wazi, isipokuwa kwa waliojiunga na nyongeza ya mwaka mmoja inayokwenda mpaka 13 Oktoba 2026. Mtu wa kawaida anaipata kwa kuingia kwa akaunti ya Microsoft, kisha kulipa dola 30, au bila pesa iwapo ataruhusu mipangilio ya kompyuta yake ihifadhiwe kwao. Liangalie vizuri sharti hilo la pili. Unapewa usalama, unalipa kwa faragha. Ndiyo maana nasema mambo haya mawili hayaendi pamoja siku zote, na wakati mwingine moja hununuliwa kwa jingine.

Kwa nini masasisho ni jambo kubwa? Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba tundu moja kwenye njia ambayo kompyuta za Windows hutumia kushirikiana mafaili. Tarehe 12 Mei, miezi miwili baadaye, kirusi cha WannaCry kilipita kwenye tundu hilohilo na kufunga mafaili katika nchi zaidi ya 150, kikidai malipo. Hospitali za Uingereza ziliahirisha matibabu ya watu. Kompyuta nyingi zilizoathirika zilikuwa za Windows 7, ambayo kiraka chake kilikuwa tayari kimetoka. Wenyewe hawakuwa wamekiweka. Hapa kwetu najua watu wengi wanaozima masasisho makusudi, wengine ili yasile bando, wengine kwa kuogopa Windows isijegundua kwamba haikununuliwa.

Na hapo tumefika kwa fundi wako. Kama EliteBook zako ni 840 G3, yaani za prosesa ya kizazi cha 6, Windows 11 haizikubali rasmi, kwa sababu kwa Intel inataka kuanzia kizazi cha 8 pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Fundi atakwambia ipo njia ya kuilazimisha. Ipo, lakini Microsoft haiahidi kuzipa mashine hizo masasisho, kwa hiyo utakuwa umezunguka na kurudi ulipokuwa.

Kibaya zaidi ni Windows ya kukraki, yaani isiyonunuliwa. Fikiria kinachofanyika pale mezani kwa fundi. Anachomeka flashi yake na kuzima Defender, kinga ya virusi ya Windows yenyewe, kwa sababu asipoizima itakifuta kile kiprogramu cha kuaktiveti. Kisha anakiendesha kwa mamlaka yote ya msimamizi wa kompyuta, na mara nyingi anaiambia Defender isikague tena folda lile, pengine diski nzima ya C. Umemkabidhi mtu usiyemjua funguo zote za nyumba, na mbwa wa ulinzi umemfunga. Mwaka 2021 watafiti wa usalama walieleza jinsi nakala za KMSPico, ambacho ni kiaktiveti maarufu kuliko vyote, zilivyokuwa zikibeba Cryptbot, programu inayoiba nywila zilizohifadhiwa kwenye vivinjari na pochi za sarafu za kidijitali. Leo hii, kabla hujaamua lolote kuhusu Linux, ingia Windows Security, fungua ulinzi wa virusi, shuka mpaka kwenye orodha ya vitu ambavyo Defender imeambiwa isivikague. Ukikuta humo "C:\" imeandikwa, kompyuta hiyo usiifanyie kazi ya benki wala ya mteja mpaka ifutwe yote na kupigwa upya.

Windows halali, yenye masasisho, Defender ikiwa imewashwa, na wafanyakazi wakitumia akaunti ya kawaida isiyo ya msimamizi, ni mfumo imara. Nalisema hili kwa moyo mweupe. Anayekwambia Windows haiwezi kuwa salama anakudanganya. Ila kama fundi alizipiga kwa njia hiyo, ulizonazo wewe huenda hazina hata sharti moja kati ya hayo.

Upande wa virusi, duka lako linaathirika zaidi na flashi kuliko intaneti. Umeshaona mwanafunzi anakuja mbio siku ya kukabidhi ripoti ya mafunzo kwa vitendo, anachomeka flashi, na mafolda yote yamegeuka "shortcut". Kwenye Windows, akibofya shortcut ile, kwanza kinaendeshwa kijiprogramu kilichojificha, kompyuta inaambukizwa, ndipo folda linafunguka kana kwamba hakuna kilichotokea. Kuanzia hapo kila flashi inayofuata inaondoka na mzigo huohuo. Ichomeke flashi hiyohiyo kwenye Linux Mint uone. Zile shortcut zinaonekana kama mafaili madogo yanayoishia na .lnk, pembeni kuna faili la .vbs au la namna hiyo, na kuna folda la ajabu lisilo na jina. Lifungue: ripoti yote imo, haijapotea hata ukurasa. Kirusi kilikuwa kimeificha kwa alama ya kufichia ya Windows, ambayo Linux haiijali, na kile kijiprogramu hakipati wa kukiendesha kwa sababu kimeandikwa kwa ajili ya Windows. Unanakili ripoti, unafuta takataka, mteja anachapa anaondoka. Kwa steshenari, hii peke yake ni sababu tosha ya kuwa na mashine moja ya Linux.

Lakini "haina virusi" si kweli. Vipo vichache vya kulenga kompyuta za mezani za Linux, kwa sababu watumiaji wake wa aina hiyo ni wachache, programu hutoka kwenye hazina rasmi zilizotiwa saini, na mtumiaji wa kawaida hana mamlaka ya kubadili mfumo. Hata hivyo, Machi 2024 iligundulika kwamba mtu aliyejipenyeza kwa miaka kadhaa miongoni mwa watunzaji wa xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumika kwenye Linux, alikuwa ameingiza mlango wa siri katika matoleo yake ya 5.6.0 na 5.6.1. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, aliushtukia kwa kuona kuingia kwenye seva kunachelewa kama nusu sekunde. Uwazi wa msimbo ulisaidia kuugundua, ila mlango ulikuwa umeshaingizwa. Februari 2016 tovuti ya Linux Mint yenyewe ilidukuliwa, na waliopakua siku ile walipewa nakala yenye mlango wa siri. Kwa hiyo mpwa wako akikupakulia Mint, mwambie ahakiki alama ya SHA256 ya faili, yaani mfuatano wa herufi na namba unaoonyesha kama halijachezewa, mbele yako kabla ya kuisimika. Ni kazi ya dakika chache.

Wala Linux si faragha kwa jina lake tu. Ubuntu 12.10, toleo jingine la Linux, ya Oktoba 2012, ilikuwa inapeleka maneno uliyoyatafuta kwenye kompyuta yako kwenye seva zao ili ikuonyeshe bidhaa za Amazon, mpaka malalamiko yalipozidi. Na Korea Kaskazini ina Red Star, Linux kabisa, ambayo watafiti wawili wa Kijerumani walionyesha Desemba 2015 kwamba hutia alama ya siri kwenye nyaraka na picha, hata zilizo kwenye flashi, ili ijulikane zimepita kompyuta ipi. Cha kuangalia ni nani anaitunza na kwa maslahi ya nani.

Sasa yule mtu wa tatu, mteja niliyesema ananitia wasiwasi. Nenda kwenye moja ya mashine zako, ufungue folda la Downloads. Sina haja ya kuwa dukani kwako kujua kilichomo: vyeti vya kuzaliwa, picha za vitambulisho vya NIDA, barua za ajira, fomu za mikopo zenye majina ya wazazi na namba za simu. Kivinjari kimehifadhi nywila za Ajira Portal za watu ambao hawakumbuki kama walibonyeza kukubali. WhatsApp ya duka iko wazi, na kila aliyetuma cheti chake anaonekana. Kijana mwenye flashi na dakika mbili anaondoka na maisha ya watu mia. Wala hahitaji kuwa mdukuzi.

Hapa mfumo endeshi unaweza kukusaidia kweli, na kwa namna ambayo mpwa wako hakuitaja. Linux Mint ina kipindi cha mgeni. Kwa kawaida huwa kimezimwa. Unakiwasha kwenye mipangilio ya dirisha la kuingilia, sehemu ya watumiaji. Mteja anaingia bila nywila, anafanya kazi yake, na akitoka kwenye kipindi hicho kila kitu alichopakua, kila nywila iliyohifadhiwa, kila kivinjari alichoacha wazi, vinafutwa. Sharti ni moja: kijana wako wa dukani azoee kutoka kwenye kipindi kila mteja anapoinuka. Kufunga dirisha la kivinjari tu hakutoshi. Kwenye Windows utakayobaki nayo, mfundishe kufungua Chrome kwa hali ya mgeni na kulifuta folda la Downloads kabla ya kumkaribisha mwingine, na akumbuke kumwaga na Recycle Bin.

WhatsApp iache kwenye mashine moja tu, ile unayokaa wewe, na uwashe ujumbe unaotoweka baada ya saa 24. Kama una mashine kubwa ya kopi yenye diski ndani, muulize aliyekuuzia namna ya kufuta kumbukumbu zake, maana nyingine hutunza taswira za zilichokopi.

Tena kumbuka hili si suala la ustaarabu peke yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na inamtaka anayekusanya au kuchakata taarifa za watu ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na azilinde. Kitambulisho cha mteja kilichosahaulika kwenye Downloads ni taarifa binafsi iliyo mikononi mwako.

Kuhusu kuvunjiwa fremu: wakati wa kusimika Mint, kuna kisanduku cha kusimba diski nzima, yaani kuifunga kwa nywila isisomeke bila hiyo. Kitie alama. Mwizi akichukua kompyuta atapata chuma tu. Lakini nywila hiyo uiandike na kuitunza nyumbani, kwa sababu ukiisahau hakuna fundi wa kuifungua, hata mpwa wako. Windows Pro nayo ina BitLocker kwa kazi hiyohiyo. Ukitumia akaunti ya Microsoft, angalia ufunguo wa dharura umehifadhiwa wapi, maana mara nyingi huwa kwao.

Tails na Qubes, mifumo endeshi ya watu wenye siri nzito, kama mpwa wako atazitaja, ziache. Tails huendeshwa kutoka kwenye flashi, hupitisha kila kitu kwenye Tor, mtandao wa kumficha anayetumia intaneti, na haikumbuki chochote ikizimwa. Ni chombo kizuri sana kwa mwandishi wa habari anayemlinda aliyempa siri, na kero tupu kwa mtu anayetaka kuchapa CV.

Ushauri wangu basi ni huu. Kompyuta mbili wanazokalia wateja zipigwe Linux Mint 22, inayopata masasisho hadi 2029. Ramu ya GB 4 inatosha. Ya tatu iwe Windows 11 halali kwenye mashine ya kizazi cha 8 kwenda juu, hata ikibidi uuze G3 moja na kuongezea pesa. Unaihitaji kwa sababu mwanafunzi anayeleta tasnifu iliyopangwa kwenye Word atakasirika LibreOffice, inayoshika nafasi ya Word kwenye Linux, ikimsogezea majedwali, na ana haki. Ajira Portal, HESLB na RITA ni kazi za kivinjari. Hazijali uko kwenye mfumo gani.

Kitakachokusumbua ni printa. Za HP nyingi huingia zenyewe, na Epson za wino wa tangi zina draiva nzuri, yaani programu ya kuiwezesha kompyuta kuielewa printa. Baadhi ya Canon za LBP ni mtihani, na zimewarudisha wengi Windows ndani ya wiki moja. Kwa hiyo usifute kitu kwanza. Mint inaweza kuwashwa kutoka kwenye flashi bila kugusa diski: mwambie mpwa wako aje nayo jioni mkishafunga, aiwashe, achape kurasa mbili kwenye kila printa na askani moja. Ikipita, nakilini vitu vyenu kwenye diski ya nje, msimike mashine moja, muitumie kwa muda kabla ya kugusa ya pili. Na msifanye haya dirisha la maombi ya HESLB likiwa wazi na foleni imefika barazani. Printa ikigoma, niandikie jina na namba ya modeli kama ilivyo kwenye stika ya nyuma, nikutafutie draiva yake kabla hujatoa pesa kwa fundi.